Nilidhani ni ndege mmoja kumbe wawili: ndege wanaimbaje, na kwa nini wanajisumbua

Kwa karibu wiki mbili nilikuwa naamini kabisa kwamba nje ya dirisha letu la jikoni kuna ndege mmoja mwenye fujo. Tunapanga nyumba huku Morogoro, nyuma kuna mwembe na uzio wa michongoma, na kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi inatoka sauti kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu, hoo hoo hoo, halafu hapohapo bila hata kuvuta pumzi inafuata kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta, kweee. Tena hoo hoo hoo kweee. Nikawa namwambia mke wangu huyu ndege ana vifaa viwili tumboni. Sasa siku moja nasubiri chai ichemke, paka wa jirani akapita juu ya uzio, ndege mmoja mweusi mgongoni mweupe kifuani akachomoka mle michongomani akakimbilia upande wa pili, mita kama ishirini hivi. Nikasikia hoo hoo hoo kutoka kwenye mwembe wetu. Halafu kule kwa jirani, mbaali, kweee.

Dah. Walikuwa wawili muda wote. Dume na jike, wanapokezana kama mwimbaji wa taarabu na waitikiaji wake, ila hawa wanapokezana kwa ukaribu ambao sikio la mtu halishiki mpaka wakae mbalimbali. Jina lao la kisayansi ni Laniarius, wako aina nyingi tu Afrika nzima, na kuna mzee mmoja wa Cambridge, William Thorpe, mwaka 1963 alichapisha vipimo vya ndege wa ukoo huuhuu akaonyesha kwamba mmoja akimaliza kipande chake mwenzake anaingia ndani ya muda usiofika hata robo ya sekunde, na hakosei. Jaribuni nyie na mke wako mpokezane silabi kwa spidi hiyo, mtagombana.

Nikaingia kusoma sasa, maana nilishaona nimedanganywa na ndege. Na kitu kilichonichekesha ni kwamba mambo ni kinyume vilevile: hawa wawili wanasikika kama mmoja, lakini ndege mmoja akiwa peke yake kumbe ana sauti mbili ndani yake. Kihalisia kabisa, sio kimafumbo.

Iko hivi. Sisi binadamu sauti inatengenezwa juu, hapo kwenye kikoromeo, weka kidole uongee utasikia panatetemeka. Ndege naye kikoromeo anacho ila hakitumii kwa kazi hiyo. Mtambo wake uko chini kabisa kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika matawi mawili, moja linaenda pafu la kushoto na lingine la kulia. Unaitwa sirinksi. Kwa kindege kama chiriku ni kitu cha milimita chache tu. Kila tawi lina vinyama laini vinavyokaribiana, hewa ikisukumwa kutoka mapafuni inapita katikati yao na vinatetemeka, na kutetemeka ndio sauti. Kama unataka kuona kwa macho chukua puto la mtoto, lipulize, halafu ule mdomo wake ushike pande mbili uuvute wakati hewa inatoka. Ile pwiiii inayokera watu ndio hiyohiyo. Ukivuta zaidi inakuwa nyembamba, ukilegeza inakuwa nzito, na ndege ana misuli midogo pale pembeni ambayo kazi yake ndio hiyo ya kuvuta na kulegeza. Misuli yenyewe si ya mchezo, kwa ndege waimbaji imepimwa ikakutwa inaweza kujikunja na kujikunjua zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja, ni miongoni mwa misuli yenye kasi kuliko yote inayojulikana kwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Na kwa kuwa matawi ni mawili, na kila moja lina vinyama vyake, misuli yake na mshipa wake wa fahamu, ndege anaweza kuimba upande mmoja, au mwingine, au pande zote mbili kwa pamoja noti tofauti. Kuna ndege mwekundu wa Marekani anaitwa kadinali, yule wa kwenye nembo za timu za mpira, akiimba ule mlio wake wa kuteleza toka chini kwenda juu anaanza na upande wa kushoto, akifika kama hezi 3,500 hivi (yaani mitetemo 3,500 kwa sekunde) anahamishia kulia na wala husikii mshono, kama dereva wa basi la mkoani anayejua kupanga gia. Fernando Nottebohm, Muargentina aliyefanya kazi New York, alikata mshipa wa fahamu wa upande wa kushoto kwa vindege vya jamii ya chiriku miaka ya 1970 na sehemu kubwa ya wimbo ikapotea, akikata wa kulia wimbo unabaki karibu wote. Yaani ndege naye ana mkono wa kula, ila uko kifuani.

Swali lililokuwa linanisumbua mimi ni pumzi. Mtu mwenye mwili wa gramu 15 anapataje hewa ya kuimba nusu dakika bila kukata? Jibu moja ni kwamba kifua cha ndege hakijajengwa kama chetu, zaidi ya mapafu ana vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, kwa kawaida tisa, vinafanya kazi kama mivukuto ya mhunzi, yaani akiba ya hewa ipo. Jibu la pili ndio tamu zaidi: anadanganya. Kanari akiimba ile mfululizo ya trrrrrr kumbe kati ya silabi na silabi anavuta kapumzi kadogo, hata mara 25 kwa sekunde, anarudisha kiasi kilekile alichotoa, sikio lako linasikia mstari mmoja kumbe ni nukta nukta nukta.

Mdomo nao una kazi yake, sio pambo. Ndege akipanda sauti anaufungua zaidi, akishuka anaufunga, na koo lake analitanua na kulibana ili lichuje. Stephen Nowicki mwaka 1987 aliweka ndege kwenye hewa iliyochanganywa na heliamu, ile gesi ya maputo inayofanya watu waongee kama katuni, na wimbo uliokuwa msafi ukaanza kutoka na milio ya pembeni ambayo siku zote koo lilikuwa linaichuja kimyakimya. Tetere ye ndio kabisa, anaimba kafunga mdomo, anajaza hewa shingoni na hiyo shingo ndio inakuwa spika. Mwangalie siku akiwa ukutani, utaona shingo inavimba na mdomo haufunguki.

Sasa chombo ni jambo moja, wimbo ni jambo lingine. Hapa ndege wanagawanyika makundi mawili na watu wengi hatujui. Kuku, bata, tetere, hawa wanazaliwa na wimbo ndani. Nimefuga kuku, vifaranga vya mashine ya kutotolesha ambavyo havijawahi kusikia jogoo hata siku moja, vikikua vinawika vizuri tu, sauti ya kwanza inakuwa kama mlango unafunguliwa lakini ndani ya wiki chache imenyooka. Ila kundi la ndege waimbaji, ambalo ni karibu nusu ya aina zote za ndege duniani, kama aina 5,000 hivi, pamoja na kasuku na vile vindege vidogo vya Amerika vinavyosimama hewani kunyonya maua, hao lazima wafundishwe. Huyohuyo Thorpe alilea vifaranga vya ndege fulani mdogo wa Uingereza peke yao bila kusikia wakubwa na wakaimba kitu kimepinda, urefu unakaribia, lakini maneno hamna.

Mtoto anasikiliza kwanza. Anaweka kichwani. Halafu anaanza kubwabwaja, sauti za chini zisizo na mpangilio, kama mtoto wa miezi saba na ma ma ba ba yake, anajisikiliza, analinganisha na kilichoko kichwani, anarekebisha, mpaka siku moja wimbo unaganda. Wengi wana muda maalum wa kujifunza na ukipita umepita. Na usiku akilala seli za ubongo zinazoendesha wimbo zinaurudia, watafiti wa Chicago walionyesha hivyo mwaka 2000 kwa vile vindege vya Australia vyenye midomo myekundu ambavyo maabara nyingi wanavifuga. Anafanya homuweki akiwa usingizini. Tena kuna jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi mwilini, linaitwa FOXP2, kwa binadamu likiharibika mtu anapata shida ya kutamka, na kwa vindege hivyo hivyo walipolipunguza nguvu kwenye sehemu ya ubongo ya kujifunzia wimbo, watoto wakaiga nusunusu na kwa kukosea. Jeni moja, ndege na mtu.

Kama unajifunza basi kuna lafudhi. Peter Marler alikuwa California na mwaka 1964 yeye na mwenzake walitoa utafiti wa shomoro mmoja wa kule mwenye mistari myeupe kichwani, kwamba wa Berkeley anaimba tofauti na wa ng'ambo ya ghuba, na vifaranga vinashika lafudhi ya mahali vinapokulia. Ni kama Kimvita na Kiunguja tu, mtu akifungua mdomo unajua katoka wapi.

Na kama kuna lugha basi lugha inaweza kufa, na hili ndilo lililoniuma. Australia kuna ndege mweusi na njano anayekula asali ya maua, wamebaki mia chache tu porini. Utafiti wa 2021 ulikuta madume kama 12 katika kila 100 hawaimbi wimbo wa kabila lao kabisa, wanaimba nyimbo za ndege wengine, kwa sababu wamekua hawajapata mzee wa kuwafundisha, wazee wako mbali mno na ni wachache. Na majike hawawaelewi vizuri hao. Mpaka ikabidi waliofugwa wapigiwe rekodi na kuwekewa madume wakubwa wa kuwafundisha. Mtu unakuwa na koo zima, misuli mizima, na huna wa kukwambia neno.

Haya, kwa nini wanaimba. Ukiuliza mtu mtaani atakwambia wana furaha, wanamshukuru Mungu asubuhi. Mi sibishani na la pili. Lakini la furaha ngoja kwanza.

Pale Wytham, msitu wa Chuo Kikuu cha Oxford, miaka ya 1970 John Krebs alifanya kitu rahisi kabisa, akawaondoa madume wa kindege fulani kwenye maeneo yao, sehemu nyingine akaweka spika zinazopiga wimbo wao, sehemu nyingine spika inapiga sauti ya filimbi, na sehemu nyingine akaacha kimya. Maeneo ya kimya na ya filimbi yakavamiwa haraka, ya wimbo yakachelewa. Ni kama redio unayoacha inaongea sebuleni ukisafiri, mwizi anajiuliza mara mbili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wimbo ni ukuta. Hapa kuna mwenyewe. Na ni ukuta wa bei nafuu, maana kupigana mnaumizana na kuna mwewe anawaangalia.

Kazi ya pili mnaijua. Sweden mwaka 1986 waliweka masanduku ya viota yenye sanamu ya dume nje, nusu yana spika inayoimba nusu hayana, yakitega jike akiingia. Majike 10 wakanaswa, 9 kwenye masanduku yenye wimbo. Na kuna kindege cha mabwawani cha Ulaya, ambacho kule kwao kukiwa baridi kinakuja kukaa Afrika, dume wake akishapata mchumba tu anaacha kuimba. Ananyamaza. Clive Catchpole ndiye aliyemfuatilia. Wanaume wenzangu msijifanye mmeshangaa.

Sasa hapa ndipo panaponikera. Vitabu karibu vyote vya zamani vinasema ndege anayeimba ni dume, jike anachagua tu. Nikaangalia nje dirishani nikaona mbona hawa wangu wanaimba wote? Kumbe ishu ni wapi utafiti ulikofanyikia. Sayansi hii iliandikwa Uingereza, Ujerumani, Marekani ya kaskazini, nchi za baridi, ambako ndege wengi wanahama, wanarudi machipuko wana miezi michache ya kugombea kiwanja, kuoa, kulea na kuondoka, dume anatangulia anapiga kelele jike anafika baadaye. Huku kwetu joto mwaka mzima, mke na mume wanakaa eneo moja miaka, wote wana kitu cha kulinda, wote wanaimba. Mwaka 2014 watafiti walikusanya taarifa za dunia nzima wakakuta kati ya ndege waimbaji waliochunguzwa, asilimia 71 majike wanaimba, na kwamba babu na bibi wa ndege waimbaji wote, ambao asili yao ni pande za Australia, huenda waliimba wote wawili tangu mwanzo. Yaani jike kunyamaza ndio jambo geni, sio kuimba. Laiti mtu wa kwanza kuandika kitabu angekuwa amekaa chini ya mwembe Morogoro, tungefundishwa vingine shuleni.

Na hawa wa mwembe wangu, jamaa zao wa karibu wamefuatiliwa Ivory Coast kwenye hifadhi ya Comoé, Ulmar Grafe na Johannes Bitz walichapisha 2004. Wana aina kadhaa za kupokezana kulingana na jambo, na kuna moja wanaipiga hasa baada ya ugomvi wa mpaka kwisha, na wanaoipiga ni walioshinda. Wimbo wa ushindi! Kama mashabiki wa Simba na Yanga wanavyozunguka mtaani usiku, jirani ajue matokeo hata kama hakuangalia mechi.

Hilo la alfajiri nalo lina maelezo ila hayajakaa sawa mpaka leo. Giza bado, wadudu hawaonekani, kwenda kutafuta chakula ni kujichosha bure, hewa imetulia hakuna upepo wala bodaboda, na mwenye eneo akiwa amekufa usiku nafasi yake inaonekana wazi kwa ukimya, kwa hiyo inabidi utangaze kwamba umeamka salama. Hayo yote yanachangia. Kwa jogoo kuna jambo la wazi zaidi. Wajapani waliwaweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika na bado wakawika majira yaleyale, maana yake ana saa ndani, hasubiri jua. Halafu mwaka 2015 wakaongeza kwamba wakiwa kundi, anayeanza ni mkubwa wao siku zote, wadogo wanafuata kwa cheo. Ukimwondoa mkubwa, wa pili anachukua nafasi. Wahenga waliposema jogoo wa shamba hawiki mjini walikuwa wanamsema mtu, lakini kwa jogoo mwenyewe walipatia palepale.

Turudi kwenye furaha. Lauren Riters, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ana miaka anachunguza ndege fulani weusi wenye madoadoa ambao nje ya msimu wa kuzaa wanaimba tu kwenye kundi, hakuna mchumba hakuna mpaka, na amekuta uimbaji wa namna hiyo unaendana na kemikali za ubongo zilezile zinazoleta nafuu na raha. Wa kugombea jike haufanani hivyo. Kwa hiyo yule mtu wa mtaani hajakosea kote, ila mara nyingi anayeimba kwa nguvu sana dirishani kwako yuko kazini.

Nimalizie na huyu maana tangu nimsome sijalala vizuri. Kuna kindege cha rangi ya tope, Acrocephalus palustris, ukikiona huwezi kukiangalia mara mbili. Kinazaliwa Ulaya. Baba yake anaacha kuimba mapema mno, kifaranga hakipati wa kumfundisha wimbo wa kwao, kinachofanya ni kuokota sauti za ndege wengine, kwanza za kule, halafu vuli kikihamia huku kinaokota za huku. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 watu wanaweka nyavu usiku wa ukungu karibu na taa za hoteli, wanavivisha pete vinapopita kwenda kusini, na ni katika wale wanaonaswa kwa wingi kabisa. Françoise Dowsett-Lemaire, mama anayejua ndege wa Ulaya na wa Afrika kwa masikio, akakaa Ubelgiji akivirekodi vikiimba machipuko. Mwaka 1979 akatoa hesabu: sauti za aina 212 za ndege, na 113 kati ya hizo ni ndege wa Afrika. Dume mmoja kwa wastani anaiga aina 76. Aliweza hata kukisia njia vinayopitia kwa kusikiliza tu vimemuiga nani.

Yaani kuna mtu mwezi wa tano anafungua dirisha Ubelgiji asubuhi, kwenye majani yanayowasha ya pembeni mwa mto kindege kinaimba, na nusu ya wimbo ni vichaka vya huku. Siku hizi wale wawili wakianza, hoo hoo hoo kweee, naacha chai ichemke mpaka imwagike, najiuliza kama kile kipande cha bawaba kimeshafika kule.